SOMO: KUFUNGA NA KULINGANISHA MILANGO YA KABATI LA JIKONI



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za vitabu vya hesabu, mikutano mikuu na ugawaji wa ziada. Safari hii yafaa tuingie karakanani. Vyama vya maseremala hupokea kazi za kutengeneza makabati ya jikoni kwa ajili ya nyumba za walimu, zahanati na watu binafsi. Vyama vya mazao navyo huagiza makabati kwa ajili ya nyumba za watumishi wao. Upande mmoja hutengeneza, upande wa pili hupokea na kulipa, na kila upande una katibu ambaye hana budi kuweka saini. Katibu asiyejua jinsi mlango unavyofungwa huweka saini gizani.

Shabaha ya somo hili ni mbili. Kwanza, mwanachama aliye fundi apate utaratibu wa kufuata tangu mwanzo hadi mwisho. Pili, katibu asiye fundi aweze kuikagua kazi kwa futi kamba na macho yake mwenyewe. Na jambo kubwa la kushika ni moja: mlango ukienda kombo, aghalabu kosa si la mlango. Kosa limo katika sanduku linaloubeba.

1. MLANGO NA ZIADA YA CHAMA

Tuchukue mfano wa hesabu. Chama kimepatana kutengeneza makabati 10, kila moja kwa Sh. 600,000, jumla Sh. 6,000,000. Baada ya kutoa gharama za mbao, bawaba, rangi, usafiri na ujira, chama kinatarajia kubakiwa na Sh. 480,000, yaani 8 kwa mia. Mkataba unasema kwamba mnunuzi atazuia 10 kwa mia ya malipo, yaani Sh. 600,000, mpaka atakaporidhika na kazi.

Tazameni tarakimu hizo mbili. Fedha iliyozuiwa ni kubwa kuliko ziada yote. Mnunuzi asiporidhika akakataa kuilipa, chama hakitakosa ziada tu, bali kitaingia katika hasara ya Sh. 120,000, na hasara hiyo italipwa na akiba ya wanachama waliokwisha kutoa jasho lao.

Je, mnunuzi atatazama nini kabla ya kuridhika? Hatapima unene wa mbao wala hatachunguza gundi iliyo ndani ya viungo. Atasimama mlangoni mwa jiko na kuitazama milango. Mmoja ukiwa juu na mwenzake chini, au ukigoma kufunga, ataitilia shaka kazi yote, hata ile iliyofanywa kwa uangalifu. Ndiyo maana mlango, ijapokuwa hufungwa mwisho, hustahili kufikiriwa mwanzo.

2. AINA ZA MILANGO NA BAWABA

Kabla ya kununua bawaba, fundi na katibu wakubaliane mlango utakaaje juu ya sanduku.

(a) Mlango unaofunika ubavu wote. Huu hukaa mbele ya sanduku na kuuficha ubavu wake karibu wote.

(b) Mlango unaofunika nusu. Hapa milango miwili ya makabati mawili hugawana ubavu mmoja ulio katikati yao.

(c) Mlango wa kuingia ndani. Huu hukaa baina ya mbavu mbili, na uso wake huwa sawa na kingo za sanduku.

Bawaba nazo ni za namna mbili kubwa. Iko bawaba ya kawaida yenye mabawa mawili, ambayo babu zetu maseremala waliitumia na ambayo bado inafaa sana kwa milango ya mbao. Na iko bawaba ya kikombe, ambayo hujificha ndani kabati lifungwapo. Hii ina kikombe kinachozama katika mlango, mkono wa chuma, na bamba linalofungwa ubavuni mwa sanduku. Mkono wake hutofautiana kwa mlango wa (a), (b) na (c): wa kwanza umenyooka, wa pili umepinda kidogo, na wa tatu umepinda zaidi. Mwenye kununua bawaba bila kutaja aina ya mlango huenda akarudi na mzigo usiofaa.

Ndugu Katibu, jambo hili linakuhusu. Andika aina ya bawaba katika hati ya manunuzi, na uzinunue zote za kazi moja kwa mara moja, za namna moja, pamoja na chache za akiba. Bawaba zilizochanganywa hazina vipimo sawa, na fundi atashinda siku nzima akilinganisha milango isiyokubali kulingana.

3. SANDUKU KWANZA

Sanduku la kabati sharti liwe na pembe mraba. Guniya husaidia wakati wa kuunganisha, lakini kipimo kilicho bora ni cha mshazari. Pima kwa futi kamba kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia. Kisha pima kutoka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo hivi viwili vikiwa sawa, na ikiwa pande zinazotazamana nazo zina urefu sawa, sanduku lina pembe mraba. Vikitofautiana, sanduku limelala upande. Lisukumwe kwenye pembe zile zenye mshazari mrefu mpaka vipimo vilingane, na hapo ndipo ubao wa nyuma upigiliwe, kwa kuwa ubao huo ndio unaolishika umbo lake.

Kazi haijaisha. Sanduku lililo mraba karakanani laweza kupinda likifika jikoni. Sakafu nyingi za jikoni huwa na mteremko kidogo, na kuta chache sana zimenyooka. Basi weka pima maji juu ya sanduku, kwa urefu na kwa upana, na utie kabari chini ya pembe iliyozama. Likiwa ni kabati la ukutani, tia kabari nyuma mahali palipo na uwazi kabla ya kukaza skrubu. Skrubu ikikazwa penye uwazi huvuta sanduku, na sanduku likivutwa pembe moja hujisokota.

Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kikibishana na mnunuzi kuhusu milango ya kabati refu la chini. Vijana wa karakana walikuwa wamezungusha skrubu za bawaba mpaka zikafika mwisho, na bado mlango wa pili ulikuwa chini ya wa kwanza kwa upana wa kidole. Wakataka kuirandaranda milango kwa juu ili ionekane sawa. Mzee mmoja mwanachama akawazuia. Alilegeza skrubu zote akazirudisha katikati, akaweka pima maji juu ya sanduku, akatia kabari mbili chini ya pembe ya mbele. Milango ikapanda mahali pake, ikabaki kurekebishwa kidogo tu. Lau wangeiranda, wangalikuwa wameharibu milango mizuri ili kuficha kosa la sakafu.

4. KUKATA MLANGO KWA KIPIMO

Milango haikatwi kwa kukisia. Tuchukue sanduku lenye upana wa nje wa sentimita 80, lenye milango miwili inayofunika mbavu, na lenye makabati mengine kushoto na kulia. Tunataka mwanya wa milimita 3 baina ya kila mlango na mwenzake. Basi katikati tutaacha milimita 3, na kila upande wa nje tutaacha milimita 1 na nusu, kwa kuwa nusu ya pili itaachwa na kabati la jirani.

Upana wa sanduku: milimita 800
Toa mianya: 3 + 1.5 + 1.5 = milimita 6
Baki: milimita 794
Gawa kwa 2: kila mlango milimita 397

Ikiwa kingo za mlango zitabandikwa utepe, unene wa utepe uhesabiwe ndani ya kipimo hicho. Sahau hii ndogo huumaliza mwanya wote.

5. KUTOBOA NA KUFUNGA BAWABA YA KIKOMBE

Tundu la kikombe cha kawaida lina kipenyo cha milimita 35. Kina chake aghalabu ni milimita 12 hadi 13, na ubao wa mlango kwa kawaida una unene wa milimita 18 hivi. Hubaki basi unene mdogo sana kabla ya uso wa mlango. Fundi afunge alama ya kina kwenye mashine yake ya kutobolea, au aizuie kwa kipande cha mbao, ili asije akatokeza upande wa pili.

Umbali kutoka ukingo wa mlango hadi ukingo wa tundu huwa baina ya milimita 3 na 6, kadiri ya bawaba na kadiri mlango unavyofunika ubavu. Ukichukua milimita 5, kitovu cha tundu kitakuwa milimita 22 na nusu kutoka ukingoni, yaani 5 kujumlisha 17.5 ambayo ni nusu ya 35. Bamba la ubavuni hufungwa ili mstari wa skrubu zake uwe milimita 37 kutoka ukingo wa mbele wa sanduku, ikiwa mlango ni wa kufunika. Kama karatasi iliyokuja na bawaba inasema vingine, ifuatwe karatasi.

Bawaba ya juu na ya chini zikae kiasi cha sentimita 10 kutoka ncha za mlango, mradi zisigongane na rafu. Mlango wenye urefu usiozidi sentimita 90 watosheka na bawaba mbili. Mpaka sentimita 160 utiwe tatu, na mpaka sentimita 200 utiwe nne. Mlango mzito kuliko kawaida uongezewe bawaba hata kama ni mfupi.

Yafuatayo yasipuuzwe:

(a) Jaribu kwanza vipimo vyote kwenye vipande vya mbao vilivyobaki, kikombe upande mmoja na bamba upande wa pili. Kipande kikiharibika hakuna hasara.

(b) Tengeneza kibao kimoja cha kupimia chenye alama za matundu, na milango yote itiwe alama kwa kibao hicho. Kila mlango ukipimwa upya, kila mlango utakuwa na kosa lake.

(c) Toboa tundu dogo kabla ya kila skrubu. Skrubu haigongwi kwa nyundo. Iliyogongwa huonekana imeshika siku ya makabidhiano, lakini huchomoka baada ya miezi michache.

(d) Tundu la skrubu likilegea, lijaze kijiti chenye gundi, lisubiri likauke, kisha litobolewe upya. Kutia skrubu nene zaidi katika ubao wa chipu mara nyingi huupasua.

(e) Kingo zote za ubao wa chipu zizibwe, hasa karibu na sinki. Ubao huo ukinywa maji huvimba, na ukishavimba haurudi.

6. KULINGANISHA MILANGO

Milango yote ikishapachikwa, ndipo kazi ya kulinganisha ianze. Bawaba ya kikombe hurekebishwa kwa njia tatu.

Juu na chini: legeza skrubu za bamba lililo ubavuni, sogeza mlango, kisha kaza. Legeza mabamba yote ya mlango huo pamoja, na mwenzako aushike usianguke.

Kushoto na kulia: zungusha skrubu ya mbele katika mkono wa bawaba, ile iliyo karibu na mlango.

Mbele na nyuma: legeza au zungusha skrubu ya nyuma ya mkono huo. Hii hutumika mlango ukibanana na sanduku upande wa bawaba au ukiacha uwazi mkubwa hapo.

Anza na urefu. Funga uzi uliokazwa kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho, ukipita kwenye vichwa vya milango, na kila mlango uufikie uzi bila kuusukuma. Kisha rekebisha kushoto na kulia mpaka mianya iwe sawa. Mwisho shughulikia mbele na nyuma. Mwenye kubadili utaratibu huu hurudia kazi yake mara mbili.

Mlango ukiwa umelala, yaani upande wa kishikio uko chini kuliko upande wa bawaba, usiuinue kwa nguvu. Vuta bawaba ya juu kuelekea upande wake wa ubavu, na sukuma ya chini kuelekea upande wa kishikio. Mlango utanyanyuka. Ukiwa umeinuka kupita kiasi, fanya kinyume chake. Zungusha nusu mzunguko tu, funga mlango, tazama, ndipo uzungushe tena.

Ikiwa skrubu imefika mwisho na mlango haujakaa sawa, acha. Rudi kwenye sehemu ya 3 ya somo hili, upime sanduku upya. Skrubu hizi zimewekwa ili kusahihisha milimita mbili au tatu. Hazikuwekwa ili kuficha kosa la sentimita nzima.

7. MILANGO YA MBAO NA BAWABA ZA KAWAIDA

Mlango wa mbao tupu una tabia yake. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana kufuata unyevu wa hewa, lakini kwa urefu haibadiliki sana. Mlango wa kuingia ndani uliokazwa wakati wa kiangazi utagoma wakati wa masika, na uliorandwa wakati wa masika utaacha mwanya mkubwa kiangazi kirudipo. Kwa hiyo mbao ikaushwe vyema kabla ya kukatwa, na mwanya uachwe wa kutosha, milimita 2 hadi 3 kila upande. Vipande vya kadibodi vyenye unene mmoja, vikiwekwa pande zote za mlango wakati wa kuufunga, vitaushika mwanya huo. Mninga husifiwa na mafundi kwa kuwa ukishakauka haubadiliki sana. Mbao za msonobari zilizonunuliwa mbichi zahitaji subira zaidi.

Mlango wa fremu na paneli ni bora kuliko ubao mpana mmoja. Lakini paneli isitiwe gundi ndani ya mfereji wa fremu, ili iweze kupanuka bila kuupasua mlango. Rangi au vanishi ipakwe nyuso zote mbili. Mlango uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu kwa upande wa pili, ukapinda.

Kwa bawaba ya kawaida, chimba kwa patasi kina kilicho sawa na unene wa bawa. Kikizidi, mlango utabanana upande wa bawaba na kutaka kufunguka wenyewe. Kikipungua, mwanya utaachama. Tia kwanza skrubu moja katika kila bawa, jaribu mlango, na ukiridhika tia zilizobaki.

8. KATIBU AKAGUE NINI

Siku ya makabidhiano, katibu wa upande wowote achukue futi kamba, pima maji na daftari, akague haya:

(a) Pima mishazari ya kila sanduku. Je, inalingana?

(b) Weka pima maji juu ya sanduku na ubavuni. Je, limekaa sawa?

(c) Simama hatua tatu nyuma. Je, vichwa vya milango viko kwenye mstari mmoja?

(d) Tazama mwanya wa kila mlango juu, katikati na chini. Je, upana wake ni mmoja?

(e) Fungua kila mlango mpaka mwisho. Je, unagonga ukuta, bomba au mlango wa jirani?

(f) Mlango wa bawaba za kawaida uuache nusu wazi. Ukijiendea wenyewe, bawaba hazikupangwa wima au sanduku limeinama.

(g) Hesabu skrubu. Kila tundu la bawaba lapaswa kuwa na skrubu yake, na kila kichwa cha skrubu kikae kikamilifu ndani ya tundu.

Matokeo yaandikwe kabati kwa kabati, yatiwe saini na pande zote mbili pamoja na tarehe, na nakala ibaki katika jalada la chama. Kasoro ikionekana, iandikwe ilivyo na siku itakaporekebishwa. Maneno ya mdomo hayalipi fedha iliyozuiwa. Hati iliyotiwa saini ndiyo inayolipa. Yafaa pia fundi arudi baada ya wiki chache za matumizi akaze skrubu, maana bawaba mpya hulegea kidogo mara tu vyombo vinapoanza kupangwa na milango kufunguliwa kila siku. Gharama ya safari hiyo iwekwe katika bei tangu mwanzo.

Makatibu wanaoijua kazi yao watauona mfano ulio dhahiri. Mizania isipolingana, hatufuti tarakimu ya mwisho tukaandika nyingine ili kumpendeza mkaguzi. Twarudi kwenye stakabadhi na hati za malipo mpaka kosa lionekane lilipoanzia. Mlango wa kabati ni mizania ya seremala. Usipolingana, na arudi kwenye sanduku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA

1. Kwa nini mlango uliokwenda kombo usirandwe kabla ya kupima sanduku?

2. Sanduku lina upana wa sentimita 100, lina milango miwili ya kufunika, na limepakana na makabati mengine pande zote mbili. Mwanya unaotakiwa ni milimita 3. Kila mlango uwe na upana gani?

3. Katika mkataba wa mwisho wa chama chenu, ni fedha kiasi gani iliyozuiwa na mnunuzi? Linganisheni fedha hiyo na ziada iliyotarajiwa.

4. Nani katika chama chenu hutia saini hati ya makabidhiano? Je, mtu huyo hufika mahali penyewe pa kazi, au hutia saini akiwa ofisini?

5. Fanyeni zoezi: mkague kabati lililomo ofisini mwenu kwa kufuata orodha ya sehemu ya 8, na mweke matokeo katika kumbukumbu za mkutano.

Jibu la swali la 2: milimita 497.

Wenu katika ushirika,
Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika